Noeli ya nyumbani katika Kabambare na Kasongo

Tulipogawana mada za kijitabu hiki, hii ya Noeli ilibaki mezani bila mtu wa kuichukua. Mzee mmoja wetu alisema wazi: "Ninyi mutaandika eti Noeli ni mila? Mila ni mambo ya babu. Noeli ililetwa na bapadri, sawa vile kalamu na sabuni." Tulicheka, lakini neno lake lilitukaa kichwani. Sisi tunaoandika hapa tumezaliwa katika nyumba ambamo Noeli ilikuwa siku kubwa ya mwaka, hata kwa ndugu ambao hawakubatizwa. Kitu ambacho bibi alikifanya, na mama yake kabla yake, kinahitaji miaka mingapi ili kiitwe mila? Basi tukaichukua mada. Tutaeleza jinsi sikukuu hii ilivyoingia katika Maniema ya kusini, nguo iliyovalishwa hapa kwetu, na namna ilivyopona siku serikali ilipoifuta.

Noeli ya kwanza ya Kabambare ambayo tunaijua kwa maandishi haikuwa na misa wala kengele. Ni ya mwaka 1869. David Livingstone, yule Mskoti aliyekuwa akitafuta chemchemi za mto Naili, alifika Bambarre (ndivyo alivyoliandika jina la Kabambare) mwezi wa Septemba mwaka ule. Alikuwa mgeni wa Mohamad Bogharib, mfanyabiashara Mwislamu aliyemtunza mara nyingi alipougua. Siku ya Noeli mzungu huyu aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba ataondoka mara sikukuu ikiisha, na kwamba lazima ajikaze amalize uchunguzi wake kabla ya Noeli itakayofuata. Haikuwa hivyo. Vidonda vya miguu vilimrudisha Bambarre mwezi wa Julai 1870, akakaa pale mpaka Februari 1871. Noeli ya pili ilimkuta mahali palepale, akingojea watu na mizigo kutoka pwani. Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta wenyeji ambao bado walimkumbuka yule mzee.

Tumeanzia hapo kwa sababu Noeli hizo mbili zililala chini ya ulinzi wa Mwislamu. Hatusemi hivyo ili kuipaka historia mafuta. Misafara ile ile iliuza pembe na watu, na Livingstone mwenyewe aliona kwa macho yake mauaji ya soko la Nyangwe tarehe 15 Julai 1871. Waliolipa bei ile ni wahenga wetu. Hata hivyo, mtu akitaka kuelewa kwa nini Noeli ya Kabambare haifanani na ile ya Kinshasa au ya Ubelgiji, hana budi kukumbuka nani alitangulia kufika hapa, na alitufundisha namna gani ya kufanya sikukuu.

Kabla ya padri wa kwanza, Kasongo ilikuwa mji wa Waungwana. Tippu Tip alikuwa na makao yake pale, baadaye mwanawe Sefu. Walileta mchele, na mpaka leo Maniema ni nchi ya mchele. Walileta kanzu, Kurani, na Kiswahili. Jeshi la Dhanis liliiteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare ikaanguka Januari 1894, lakini vita vile vilivunja utawala tu. Dini ilibaki, lugha ilibaki, na chungu cha wali kilibaki jikoni. Mapadri Weupe walipokuja kufungua misioni ya Kasongo mwanzoni mwa karne ya 20, walikuta watu ambao tayari walikuwa na maneno ya kusema malaika, nabii, sadaka, dhambi, baraka. Maneno hayo yote yalikuwa yamepita msikitini kabla ya kuingia kanisani. Padri hakuhitaji kuyabuni, aliyaokota njiani. Neno Noeli tu ndilo lililokuja na Kifaransa, na hata hilo, ndugu zetu waliokulia upande wa Fizi na Kigoma huliacha wakasema Krismasi.

Kanisa lilikua polepole. Kasongo ilifanywa vikariati tarehe 10 Januari 1952, na jimbo tarehe 10 Novemba 1959, miezi michache kabla ya uhuru. Hayo yameandikwa vizuri mahali pengine. Sisi tunataka kuingia uani.

Fikiria mama wa Kibangubangu au wa Kizimba wa miaka ile, ambaye amebatizwa akiwa mtu mzima. Katekista anamwambia: tarehe 25 Desemba ni sikukuu ya kuzaliwa Mwokozi. Vizuri. Lakini sikukuu hufanywaje nyumbani? Katekista anajua sala na nyimbo, hajui mapishi. Mama huyo ameiona sikukuu moja tu kubwa katika maisha yake, nayo ni Idi ya majirani na ya wajomba zake. Anajua kwamba siku ya sikukuu watoto huvaa nguo mpya, hata kama ni kaptula moja. Anajua kwamba nyumba hupakwa udongo mweupe, na uwanja hufagiliwa mpaka njiani. Anajua kwamba bukari hulala siku hiyo, kinapikwa wali. Anajua kwamba sahani hufunikwa kitambaa na kupelekwa kwa jirani, na kwamba watoto huenda nyumba kwa nyumba kusalimia wakubwa na hawarudi mikono mitupu. Basi alifanya Noeli kama alivyoona Idi ikifanywa. Hakuna aliyemwagiza. Kwa maoni yetu hapo ndipo Noeli ilipoanza kuwa mali yetu, na mzee wetu wa sabuni na kalamu atuwie radhi.

Tuseme kidogo juu ya majira. Wazungu hufanya Noeli katika baridi na theluji. Sisi tuko katikati ya mvua. Desemba barabara ya Kasongo kwenda Kabambare huwa matope matupu, na mara nyingi kinachofika ni kinga tu, baiskeli iliyobebeshwa chumvi, sabuni, vitunguu na bikwembe vya sikukuu, mwenyewe akiisukuma kwa mguu siku kadhaa. Mchele mpya bado uko shambani. Kwa hiyo mama mwenye akili huficha mchele wa mwaka uliopita katika kifuko, juu ya moshi wa jiko, na mtoto atakayekigusa kabla ya siku atajua mwenyewe. Karanga ndizo zinakuwa mpya. Sombe haikosekani, lakini siku hiyo inapata mafuta ya ngazi na karanga kwa wingi hata anayeila kila siku huiona kama chakula kigeni.

Usiku wa tarehe 24 watoto hujenga pango. Katika parokia pango huwa na sanamu. Nyumbani ni matawi ya mchikichi yaliyokunjwa, majani makavu, na watu wa udongo wa mfinyanzi ambao mbuzi wao hufanana na mbwa. Mtoto Yesu hulazwa ndani baada tu ya watu kurudi kutoka misa ya usiku. Hapa kuna jambo tunalolipenda sana. Katika nyumba nyingi zetu bibi wa upande mmoja ni Mkristo, wa upande mwingine ni Mwislamu, na wote wawili wako uani wakati watoto wanapojenga. Yule Mkristo anaeleza habari ya zizi, kwa sababu nyumba ya wageni ilijaa. Yule Mwislamu anaeleza ya Bibi Mariamu, ile iliyo katika sura ya 19 ya Kurani: namna uchungu ulivyomkuta peke yake chini ya mtende, akasikia sauti ikimwambia atikise shina, na tende mbivu zikamdondokea. Watoto hawagombanishi habari hizo mbili. Wanaweka ng'ombe wa udongo ndani ya pango, kisha wanasimamisha mti mlangoni. Kwa kuwa hatuna mtende, wanaweka mchikichi. Tumeuliza nyumba kadhaa tangu lini mti ule unasimama pale, na jibu ni moja: "Tumeikuta vile."

Asubuhi ni ya mbuzi, kwa nyumba iliyojaliwa kuwa na mbuzi. Wengine ni kuku, na si aibu. Mwenye kuchinja ni mjomba au shemeji Mwislamu. Sababu ni ya wazi: akichinja Mkristo, nusu ya ukoo haitakula. Kwa hiyo mwaliko wa kwanza wa Noeli huenda kwake, siku mbili tatu kabla. Anafika mapema, kofia kichwani, anaita nje:

"Hodi! Kisu kimefika."

"Karibu mujomba, mbuzi iko inakungojea tangu jana."

Anachinja kwa jina la Mungu, anapewa sehemu yake, na mara nyingi anakaa mpaka jioni akilalamika kwamba watu wa kanisani wanachelewa kurudi na njaa inamuuma. Siku ya Idi mambo hugeuka: sahani hutoka kwake kuja kwetu. Nao wakubwa walitufundisha kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama ni kipande cha muwa au mayai mawili, kitu lazima kiwemo.

Tulisoma juu ya nchi ya mbali ambako watu walikuwa na swali kama la mzee wetu. Huko Mexico familia hufanya siku tisa kabla ya Noeli, kuanzia tarehe 16 mpaka 24 Desemba, mchezo unaoitwa posada. Kundi moja hukaa nje likiwa kama Yusufu na Mariamu, linaimba kuomba mahali pa kulala. Kundi la ndani linaimba kukataa. Wanakataliwa mlango huu na ule, mwishowe mlango mmoja unafunguliwa, wote wanaingia kula. Watoto hufungwa macho na kupewa fimbo wapige chungu kilichoning'inizwa na kupambwa kwa karatasi, mpaka kipasuke na kumwaga matunda, vipande vya muwa na karanga. Chakula chao kikubwa ni unga wa mahindi uliofungwa katika maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Mama wa kwetu anayefunga mihogo katika majani asingehitaji kuelezwa mara mbili. Desturi hiyo inasemekana ilianzia kwa watawa Waagustino wa Acolman, karibu na jiji la Mexico, katika miaka ya 1580. Wenyeji Waazteki walikuwa na sikukuu kubwa ya mungu wao Huitzilopochtli katika majira hayo hayo, na watawa walipanda mbegu yao katika shamba lililokwisha kulimwa. Leo hakuna Mmexico atakayekuambia kwamba posada si mila yake. Ila sisi hatukuweza kuiga sehemu moja ya mchezo wao: kwetu anayepiga hodi usiku akiwa na mwanamke mjamzito hakataliwi, hata kwa mchezo.

Sasa tufike mahali ambapo Noeli ilipimwa.

Mwanzoni mwa 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo. Kardinali Malula aliyepinga ilimbidi aondoke nchini kwa miezi kadhaa. Vyama vya vijana vya Kanisa vilikatazwa, vijana wote wawe wa chama tawala. Mwaka 1974 ikatangazwa kwamba tarehe 25 Desemba si siku ya mapumziko tena. Ni siku ya kazi kama nyingine. Mwisho wa mwaka huohuo shule za misioni zilichukuliwa na serikali. Mwaka ule Noeli ilianguka Jumatano. Watumishi wa serikali walitakiwa kuwa kazini, na katika miji midogo kama yetu, ambako kila mtu anajua nani hakufika ofisini, hilo halikuwa jambo la kuchezea.

Wazee wetu wanasimulia Noeli ile bila machozi mengi, na hilo lilitushangaza. Tulitegemea kusikia habari za kujificha. Walichotuambia ni kwamba sherehe ilisogezwa jioni. Mjomba alikuja kuchinja kabla ya jua kuchomoza, bwana wa nyumba akaenda kazini, wali ukaliwa usiku. Mzee mmoja Mwislamu aliulizwa na jirani yake Mkristo aliyekuwa amenuna: "Sasa tutafanya namna gani?" Akamjibu: "Fanyeni sawa sisi. Idi imeandikwa wapi kwenye kalenda ya serikali? Na kila mwaka tunaila."

Jibu hilo lina historia nzima ndani yake. Wakati wa Wabelgiji Uislamu wa Maniema ulitazamwa kwa jicho baya, na baada ya uhuru Idi haikuwa siku ya mapumziko. Waislamu wa Kasongo na Kabambare walikuwa na uzoefu wa miaka karibu 80 wa kufanya sikukuu ambayo ofisi haiitambui: unaomba ruhusa kama bosi ni mtu mwema, unachelewa kidogo kama si mwema, na chakula kinangoja. Serikali ilipofuta Noeli, iliifuta kwenye kalenda, mahali ambapo familia zetu hazikuwahi kuiweka. Majina nayo yalifanya vivyo hivyo. Kwenye karatasi ya kitambulisho hakukuwa na Yosefu wala Maria. Uani waliitwa hivyo hivyo, na wakati wa chakula cha Noeli mkubwa wa nyumba aliwataja wote kwa majina ya ubatizo, walio hai na waliokufa. Tarehe 26 Februari 1977 serikali na makanisa walitia sahihi mapatano juu ya shule, na baadaye tarehe 25 Desemba nayo ilirudi kuwa siku ya mapumziko. Ila desturi ya kutaja majina kabla ya kula imebaki katika nyumba nyingi. Liturujia ya Kizaire, ambayo Roma iliikubali mwaka 1988, ilipoanza kuwaita wahenga mwanzoni mwa misa, bibi zetu hawakuona jipya.

Vita vya 1996 na vile vya 1998 mpaka 2003 vilikuwa kipimo kingine, kibaya zaidi, kwa sababu havikugusa kalenda. Viligusa mbuzi, mchele na watu. Tutataja Noeli moja tu, ya mwaka 2000. RCD ilikuwa imeshika miji, Mai-Mai wako msituni, na wengi wetu tulikuwa tumekimbilia mashamba ya mbali. Mwaka ule Noeli iliangukia mwisho kabisa wa Ramadhani. Idi ilikuja siku mbili baadaye, tarehe 27. Wakristo walikuwa na sikukuu, Waislamu wamefunga, na wote tuko chini ya paa moja la majani, na kuku mmoja. Mama zetu hawakufanya mkutano. Walipika mchana, wakafunika chungu, tukangoja jua lizame. Watoto walilia kwa njaa, hatufichi. Jua lilipozama tulikula pamoja: kwao futari, kwetu Noeli. Hakukuwa na pango. Mtu alisimamisha tawi la mchikichi mlangoni, akaishia hapo.

Tangu miaka ya 2010 upande wa Salamabila na Namoya, kwenye dhahabu, kumekuwa na kundi la silaha linaloitwa Mai-Mai Malaika. Neno ambalo watoto huliimba mbele ya pango limekuwa jina ambalo mama akilisikia anafunga mizigo. Hatuna la kuongeza juu ya hilo.

Kinachotusumbua zaidi leo hakina bunduki. Katika miaka ya karibuni tumeona sahani zikirudishwa zikiwa bado zimefunikwa. Vijana waliorudi kutoka masomo ya mbali wanasema chakula cha Noeli ni haramu hata kama mjomba ndiye aliyechinja. Upande wa pili, wahubiri wa makanisa mapya wanafundisha kwamba nyama iliyochinjwa na Mwislamu imetolewa kwa jina la mwingine. Kila upande una kitabu chake, nasi hatutagombana na vitabu. Tunasema tu kile tulichokiona: katika nyumba moja tunayoijua vizuri, mwaka juzi, mbuzi wa Noeli alichinjwa na kijana wa kanisani, na shangazi watatu waliofika na watoto wao walikula karanga na ndizi, wakashukuru, wakaondoka mapema. Hakuna aliyesema neno baya. Siku ya Idi iliyofuata hakuna sahani iliyokuja.

Na mchanganyiko huo uko mpaka katika majina tunayobeba. Mtoto aliyezaliwa Desemba huitwa Noeli au Noela, na baba yake ni Shabani. Padri ana jina la babu yake Ramazani. Hata mgombea urais wa 2018, mtu wa Maniema, tumtaje bila siasa, jina lake ni Emmanuel Ramazani Shadary: la kwanza ni la Noeli, la pili ni la mwezi wa kufunga. Hapa kwetu hakuna aliyeliona kuwa ajabu.

Noeli haiishi tarehe 25. Kuna Bonane, mwaka mpya, ambapo watoto wa dini zote huzunguka wakipiga kelele "Bonane!" mpaka wapewe franga au andazi, na hapo ndipo sahani za mwisho hurudi kwa wenyewe. Mwezi wa Kiislamu nao hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, mwishoni mwa 2033 Idi itaangukia tena siku za Noeli, pengine tarehe 23 Desemba au karibu yake, kama haijakutana hivyo tangu ule mwaka wa kuku mmoja. Shangazi mkubwa wa nyumba tuliyoitaja ameshafanya hesabu hiyo kwa vidole. Ameagiza mbuzi wawili, na kisu amekiweka mwenyewe juu ya dari.